Nani Aliyelipia Madaftari ya Coleridge

Januari 1798, kijana wa miaka 19 aitwaye William Hazlitt aliamka kungali giza, akatembea maili kumi kwenye matope kutoka Wem hadi mji wa Shrewsbury, magharibi mwa Uingereza, ili kumsikiliza mhubiri mgeni. Mhubiri huyo alikuwa Samuel Taylor Coleridge, mwenye umri wa miaka 25, mshairi mwenye mke na mtoto, aliyekuwa akijipima kama aifanye kazi ya uhubiri katika kanisa la Waunitari, kwa kuwa mashairi hayakuwa yakiijaza sufuria. Siku chache baadaye Coleridge alilala nyumbani kwa akina Hazlitt. Asubuhi, wakati wa kifungua kinywa, barua ikamfikia. Ndugu wawili, Thomas na Josiah Wedgwood, walikuwa wanaahidi kumpa pauni 150 kila mwaka hadi mwisho wa maisha yake, ili aache kuhubiri na kuushughulikia ushairi na falsafa. Hawakumdai kitabu wala ripoti. Hazlitt aliandika baadaye kwamba mshairi alionekana kufikia uamuzi wake pale pale, huku akifunga kiatu.

Ndugu hao walikuwa wana wa Josiah Wedgwood mkubwa, mfinyanzi aliyefariki 1795 baada ya kukigeuza kiwanda chake cha Etruria, huko Staffordshire, kuwa chimbuko la vyombo vya mezani vilivyoagizwa hata na Catherine wa Pili wa Urusi. Kwa hiyo fedha zilizomtoa Coleridge mimbarini zilikuwa zimetoka kwenye udongo. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu litajirudia. Katika historia ya fedha zilizowalisha washairi wa ulimbwende wa Kiingereza, na baadaye zikawalisha wasomi wa ushairi wao, sehemu kubwa ilichimbwa ardhini kwanza. Baada ya udongo kitakuja chuma, kisha shaba, kisha mafuta. Waliochimba hawakupata kuyasoma mashairi yenyewe, na walio wengi hawakujua kwamba jasho lao lilikuwa linamlipia mtu karatasi na wino.

Kwa posho hiyo Coleridge alisafiri kwenda Ujerumani mnamo Septemba 1798, pamoja na William Wordsworth na dada yake Dorothy. Alijifunza Kijerumani, akahudhuria mihadhara katika Chuo Kikuu cha Göttingen, na aliporudi nyumbani katikati ya 1799 alikuwa amebeba fikra za Kant na wenzake ambazo Waingereza wengi walikuwa hawajazionja. Wafadhili wake walisubiri vitabu. Vitabu vilichelewa. Kasumba ilikuwa imemshika, ndoa ikaharibika, afya ikadhoofika, akaenda Malta mwaka 1804 kutafuta hewa nzuri na kwa muda akawa katibu wa serikali ya Kiingereza kisiwani humo. Mwaka 1805 Thomas Wedgwood alifariki, lakini nusu yake ya posho ilikuwa imelindwa katika wasia. Mwaka 1812 Josiah akaiondoa nusu yake.

Ni rahisi kumlaumu Josiah, na ni rahisi vilevile kumlaumu Coleridge. Mimi naona kwamba wote wawili walikuwa wanatazama mahali pasipo penyewe. Miaka yote ile ambayo rafiki zake walidhani hafanyi kitu, Coleridge alikuwa anaandika. Aliandika katika madaftari aliyoyabeba mfukoni: juu ya mawingu na maporomoko ya maji, ndoto zake za usiku, mihadhara ya kemia ya Humphry Davy aliyoihudhuria London mwaka 1802, vitabu alivyosoma, aibu zake, sala zake, hoja za falsafa zinazoanzia ukurasa mmoja na kukatikia kwingine. Alianza 1794 na hakuacha hadi mwaka wa kifo chake, 1834. Mambo aliyotaka yasisomwe na kila mtu aliyaficha kwa Kilatini, kwa herufi za Kigiriki au kwa alama za siri alizozibuni mwenyewe. Hakuna mfadhili wa zama zake ambaye angeweza kuyaona madaftari hayo kuwa tunda la fedha zake. Lakini ndiyo yaliyokuwa tunda.

Alipata msaada mwingine mwaka 1824, pale Royal Society of Literature ilipomteua kuwa mmoja wa wanachama kumi waliolipwa na Mfalme George wa Nne gini 100 kila mwaka. Safari hii palikuwa na wajibu wa kutoa mada, naye mwaka 1825 akasimama mbele ya wanachama kuzungumzia tamthilia ya Aeschylus juu ya Prometheus. Mfalme alipofariki 1830, mrithi wake hakuuendeleza mpango huo, na mzee wa miaka zaidi ya 55, aliyekuwa akiishi Highgate katika nyumba ya daktari aliyemtunza, akapoteza kipato chake. Posho ya kifalme hudumu kadiri ya pumzi za mfalme.

Msomi wa kwanza wa Coleridge hakulipwa na mtu yeyote. Alikuwa binti yake, Sara. Kwanza alimsaidia mumewe, Henry Nelson Coleridge, aliyekuwa pia binamu yake, kukusanya na kuhariri maandishi ya marehemu. Mume alipofariki mwaka 1843, Sara aliichukua kazi yote mikononi mwake, akiwa mjane mwenye watoto wawili wa kulea. Watu walikuwa wamemtuhumu baba yake kwamba aliiba kurasa nzima kutoka kwa wanafalsafa wa Kijerumani. Sara hakuficha wala hakulia. Alijifungia na vitabu vya Kijerumani, akaonyesha kila sehemu iliyoazimwa na ilikotoka, na mwaka 1847 akatoa toleo la *Biographia Literaria* lenye tanbihi ambazo wasomi wa karne ya 20 walizikuta bado zinafaa. Alifariki 1852, akiwa na miaka 49. Kwa zama zetu kazi ile ingempa uprofesa. Kwa zama zake ilihesabiwa kuwa heshima ya mtoto kwa mzazi.

Fedha zilizolengwa kwa wanawake wa namna ya Sara zilitoka mahali ambapo pengine mtu asingetarajia: Merthyr Tydfil, kusini mwa Wales, mji wa tanuri za chuma. Mwaka 1846 msichana wa miaka 18, Rose Mary Yeates, aliolewa na Robert Thompson Crawshay, mrithi wa kiwanda cha Cyfarthfa. Akahamia katika kasri la ukoo huo, lililojengwa miaka ya 1820 juu ya kilima, likitazama tanuri zilizolilipia. Usiku mwanga wa chuma kilichoyeyuka ulionekana madirishani. Bondeni walikuwa maelfu ya wafanyakazi katika nyumba zilizobanana, bila maji safi, na kipindupindu kilipopiga mwaka 1849 kiliwafyeka vibaya.

Mke wa tajiri wa chuma angeweza kukaa kimya akafunga mapazia. Rose Mary Crawshay alifungua jiko la supu kwa wenye njaa, akaanzisha maktaba za bure kwa wafanyakazi, na maktaba hizo zikafunguliwa hata Jumapili, siku pekee ambayo mchimba makaa alikuwa na nafasi ya kushika kitabu. Wachamungu walinung'unika. Mwaka 1866 jina lake lilikuwa miongoni mwa majina yapatayo 1,500 katika maombi ya kuwapa wanawake kura, yaliyofikishwa bungeni na John Stuart Mill. Mwaka 1871 alichaguliwa kuingia katika bodi ya shule, wakati ambapo bodi hizo zilikuwa karibu nafasi pekee ya umma ambayo sheria ilimruhusu mwanamke kuigombea. Aliwaza pia juu ya wanawake waliosoma kidogo lakini hawana mume wala mali, akahangaika kuwatafutia kazi zenye staha.

Mumewe alifariki 1879. Mwaka 1888 mjane huyo aliweka wakfu mfuko wa zawadi ya kila mwaka kwa kumbukumbu ya Byron, Shelley na Keats. Zawadi ilikuwa ya wanawake tu, wa taifa lolote, watakaoandika juu ya washairi hao. Tuutazame uteuzi wake kwa makini. Washairi watatu aliowachagua walikuwa vijana waliokufa mbali na kwao: Keats alikufa Roma mwaka 1821 akiwa na miaka 25, Shelley alizama baharini karibu na pwani ya Italia mwaka uliofuata, Byron alikufa Ugiriki 1824. Wawili kati yao walikuwa na sifa ya uasi wa dini na siasa iliyowafanya wazazi wengi wa Uingereza wavifungie vitabu vyao kabatini. Mwanamke anayewaalika wanawake wenzake kuwasoma Byron na Shelley, tena anawalipa kwa kuwasoma, hakuwa anagawa sadaka. Alikuwa anafungua kabati.

Wakati huo wanawake waliosoma Oxford na Cambridge walifanya mitihani ileile ya wanaume na kurudi nyumbani bila shahada. Oxford haikuwapa hadi 1920, na Cambridge ikangoja hadi 1948. Bila shahada hapakuwa na kiti cha kufundishia, na bila kiti hapakuwa na mshahara wa utafiti. Zawadi ya fedha iliyotolewa kwa kitabu au insha iliyokwisha kuandikwa haikuweza kuziba pengo hilo lote. Lakini ilikuwa hati ya ushahidi: mwanamke aliyeipata alikuwa na karatasi ya kuonyesha mbele ya watu kwamba amepimwa.

Rose Mary Crawshay alifariki 1907. Mfuko wake baadaye ukakabidhiwa kwa British Academy, jumuiya ya wasomi wa taaluma za jamii na lugha iliyoanzishwa 1902, na zawadi ikapewa jina lake. Masharti yakapanuliwa: mwanamke wa taifa lolote aliyechapisha kazi ya thamani juu ya jambo lolote la fasihi ya Kiingereza, upendeleo ukiwekwa kwa kazi zinazowahusu Byron, Shelley na Keats. Chini ya Academy ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1916, katikati ya vita, kwa Charlotte Carmichael Stopes, Mskoti aliyetumia miaka mingi akipekua kumbukumbu za serikali na za mahakama kutafuta habari za Shakespeare na watu wake, bila chuo cha kumlipa.

Waswahili husema mcheza kwao hutuzwa. Wanawake hawa walituzwa ugenini. British Academy iligawa zawadi ya Crawshay kwa miaka 15 kabla ya kumchagua mwanamke yeyote awe mwanachama wake kamili: wa kwanza alikuwa Beatrice Webb, mwaka 1931. Kwa hiyo mwaka baada ya mwaka chumba kilichojaa wanaume kiliketi na kuamua ni mwanamke gani ameandika vizuri zaidi, kisha yule aliyeshinda akashukuru na kutoka nje. Mtu anaweza kuiita hali hiyo dharau. Mimi naiona pia kuwa nguvu ya mwanamke mmoja wa Merthyr aliyewafunga wanaume hao kwa sheria ya wakfu, wakawa hawana budi kuvisoma vitabu vya wanawake kila mwaka, watake wasitake. Miongoni mwa waliotuzwa miaka ya 1930 yumo Helen Darbishire, mkuu wa Somerville College, Oxford. Yeye ndiye aliyekuja kuimalizia kazi ya Ernest de Selincourt ya kuhariri mashairi yote ya Wordsworth, juzuu tano zilizotoka kati ya 1940 na 1949, baada ya mwenzake huyo kufariki kazi ikiwa njiani.

Turudi kwenye madaftari. Baada ya Coleridge kufariki yalipita katika mikono ya ukoo. Mjukuu wake, Ernest Hartley Coleridge, alichagua vipande akavichapisha mwaka 1895 kwa jina *Anima Poetae*, lakini hicho kilikuwa kijiko kimoja cha chungu kizima. Mengine yalibaki katika maktaba ya Chanter's House, nyumba ya tawi la ukoo lenye cheo cha ubwana, mjini Ottery St Mary, Devon, alikozaliwa mshairi. Ukoo ulikuwa na sababu za kuhofia macho ya wageni. Ndani ya kurasa hizo mlikuwa na kasumba, ndoa iliyovunjika, na mapenzi ya mshairi kwa Sara Hutchinson, shemeji yake Wordsworth.

Mwaka 1930 mlango ulibishwa na msichana wa Kanada. Kathleen Coburn alizaliwa 1905 katika mji mdogo wa Stayner, Ontario, akasoma Victoria College katika Chuo Kikuu cha Toronto, na akavuka Atlantiki kwenda Oxford kwa udhamini wa IODE, jumuiya ya hisani ya wanawake wa Kanada. Hilo linastahili kukaziwa. Udhamini huo ulikuwa mdogo, wa kumfikisha mtu chuoni na kumweka huko, na ulitoka kwa wanawake waliochangishana. Bila huo Coburn asingelikuwa Devon mwaka ule. Lord Coleridge alimkaribisha, akamwonyesha vilivyokuwamo maktabani, na mgeni akajikuta mbele ya madaftari zaidi ya hamsini.

Alikuwa na miaka 25. Maisha yake yaliyobaki, miaka 61, yaliingia humo.

Ugumu wa kazi yenyewe ndio unaoeleza kwa nini fedha zilihitajika kwa wingi na kwa muda mrefu. Daftari la Coleridge halisomeki kwa mfuatano. Angeanza mbele, kisha akaligeuza na kuanza nyuma, kisha miaka kumi baadaye akalikuta na kujaza nafasi zilizobaki wazi. Mhariri lazima ajue kila ingizo liliandikwa lini, na pengine dalili pekee ni rangi ya wino au jina la mtu aliyekutana naye siku hiyo. Sentensi moja inaweza kuanzia kwa Kiingereza, ikapitia Kijerumani na kuishia kwa Kigiriki. Nyingine si maneno yake kabisa bali ni nukuu kutoka kitabu cha mimea, cha safari, cha teolojia au cha tiba, bila jina la mwandishi, na mhariri lazima akitafute hicho kitabu, tena toleo lilelile. Ingizo la mistari miwili linaweza kudai tanbihi ya kurasa mbili. Hakuna mchapishaji wa kibiashara anayeweza kuigharimia kazi kama hiyo, na hakuna mwalimu wa chuo, mwenye vipindi na mitihani ya kusahihisha, anayeweza kuimaliza wakati wa likizo.

Coburn alirudi Toronto kufundisha Victoria College na akaendelea kukusanya, mwaka kwa mwaka. Vita Kuu ya Pili ikapita. Mwaka 1949 alitoa mihadhara ya falsafa ambayo Coleridge aliitoa London katika msimu wa 1818 hadi 1819, nayo haikuwahi kuchapishwa. Kitabu hicho kilikuwa uthibitisho kwamba hatanii, na kilitangulia miaka ya neema.

Neema ya kwanza ilihusu karatasi zenyewe. Madaftari yangeweza kuuzwa mnadani moja moja, yakatawanyika katika makabati ya matajiri pande zote za dunia. Mwaka 1951 Pilgrim Trust iliwezesha yachukuliwe yote pamoja na kuwekwa British Museum, mahali ambapo msomaji yeyote mwenye kibali angeweza kuyaomba. Mfuko huo ulikuwa umeanzishwa 1930, mwaka uleule wa safari ya Devon, na Mmarekani Edward Harkness, aliyetoa zaidi ya pauni milioni mbili kwa ajili ya urithi na ustawi wa Uingereza. Utajiri wa familia yake ulitokana na hisa za Standard Oil. Mafuta ya Marekani yaliinunulia Uingereza madaftari ya mshairi wake.

Neema ya pili ilikuwa muda. Mwaka 1953 Coburn alipata ufadhili wa Guggenheim. Nyuma ya jina hilo kuna msiba: Simon Guggenheim, seneta wa zamani aliyetoka katika ukoo wa migodi na viwanda vya kuyeyushia shaba na madini mengine, pamoja na mkewe Olga, walimpoteza mwana wao John Simon mwaka 1922, akiwa na miaka 17, karibu kuingia chuoni. Mwaka 1925 wakaanzisha mfuko kwa jina lake. Mfuko huo humlipa msomi au msanii ili aachwe afanye kazi yake. Wazazi wale hawakujua lolote juu ya madaftari ya Devon, lakini waliielewa thamani ya mwaka mmoja usioingiliwa.

Neema ya tatu ilikuwa kubwa kuliko zote. Mary Mellon, mke wa Paul Mellon, alivutiwa sana na mafundisho ya Carl Jung, akataka vitabu vya Jung na vya wengine wenye fikra za kina vipatikane kwa Kiingereza. Wakfu ulioandikishwa Desemba 1945 ukapewa jina la Bollingen, kijiji cha Uswisi ambako Jung alijijengea mnara wa mawe kando ya ziwa. Mary alifariki Oktoba 1946, akiwa bado kijana, na mumewe akaamua kuuendeleza mradi wake. Utajiri wa akina Mellon ulikuwa wa benki, alumini na mafuta. Daraja kati ya Bollingen na Coleridge lilikuwa Herbert Read, mshairi na mhakiki wa Kiingereza, aliyekuwa mshauri wa wakfu huo na pia mkurugenzi katika kampuni ya uchapishaji ya Routledge. Read alimpenda Coleridge tangu zamani. Aliwashawishi wenye fedha kwamba mtu aliyeandika juu ya ndoto na nafsi karne moja kabla ya Jung anastahili kuingia katika mfululizo wao.

Bollingen ikakubali, na haikukubali kitabu kimoja. Ilichukua madaftari yote, yakawa namba 50 katika mfululizo wake, kisha ikachukua kazi zote za Coleridge, namba 75, Coburn akiwa mhariri mkuu. Kinachonigusa katika uamuzi huo ni kwamba haukufungwa na tarehe. Mradi wa namna hii ukipewa miaka mitatu, kama ilivyo desturi ya ruzuku nyingi za siku hizi, mhariri atachagua kurasa nyepesi na kuziruka zile ngumu. Bollingen ililipa kwa kadiri ya kazi.

Juzuu ya kwanza ya madaftari ilitoka 1957, sehemu mbili, moja ya maandishi ya Coleridge na nyingine ya tanbihi. Mwaka uliofuata British Academy ikampa Kathleen Coburn zawadi ya Rose Mary Crawshay. Sharti la upendeleo lilitaja Byron, Shelley na Keats, na Coleridge hakuwamo, lakini wazee wa Academy hawakuwa na namna ya kukwepa kazi kubwa kama ile. Kifedha zawadi haikuwa na uzito mkubwa: gharama za juzuu ile zilikuwa zimelipwa tayari na wengine. Uzito wake ulikuwa wa aina nyingine. Msomi aliyekaa miaka 27 na kazi moja, mwanamke, tena kutoka chuo cha Kanada ambacho wengi wa Oxford hawakukijua, alitangazwa London kuwa mhariri wa daraja la kwanza.

Juzuu ya pili ilitoka 1961, ya tatu 1973. Katika kipindi hicho wakfu wenyewe ulikuwa unafunga milango. Mwaka 1969 Paul Mellon aliukabidhi mfululizo wote wa vitabu kwa Princeton University Press, pamoja na fedha za kuumalizia. Ni jambo ambalo wafadhili wengi hulisahau: wanapoondoka huacha miradi ikielea. Hapa mkono mmoja haukuachia kabla mwingine haujashika. Mwaka uleule kitabu cha kwanza cha kazi zote kilitoka, *The Friend*, kilichohaririwa na Barbara Rooke. Wengine waligawana mengine. George Whalley alikusanya maneno ambayo Coleridge aliyaandika kwenye pambizo za vitabu vya watu, maana rafiki zake walikuwa wakimwazima vitabu wakitumaini atavirudisha vimechafuliwa hivyo. Whalley alifariki 1983 na H. J. Jackson akaiendeleza kazi hadi mwisho.

Coburn naye hakuufikia mwisho. Juzuu ya nne, aliyoiandaa pamoja na Merton Christensen, ilitoka 1990. Alifariki Septemba 1991. Ya tano ilitoka 2002 ikiwa na majina mawili, lake na la Anthony John Harding, na mwaka huohuo mfululizo wa kazi zote ukafungwa kwa *Opus Maximum*, kitabu cha falsafa ambacho Coleridge aliwaahidi rafiki zake kwa miaka mingi bila kukimaliza. Jumla ni majina 16 ya vitabu katika juzuu 34.

Wakfu wa Crawshay haukukoma. Mwaka 1973 ulimtuza Marilyn Butler kwa kitabu juu ya Maria Edgeworth, miaka minane kabla hajaandika *Romantics, Rebels and Reactionaries*, kitabu kilichobadilisha jinsi vyuo vinavyofundisha washairi hawa. Mwaka 1993 Butler akawa mkuu wa Exeter College, Oxford, mwanamke wa kwanza kuongoza chuo cha huko kilichokuwa cha wanaume watupu. Katika karne hii Daisy Hay aliipata kwa *Young Romantics*, kitabu juu ya urafiki na ugomvi wa watu waliowazunguka Shelley na Byron, yaani mada ileile aliyoitamani mwanzilishi.

Njia nyingine ya fedha ilielekea New York. Carl Pforzheimer, aliyetajirika Wall Street kwa biashara ya hisa za mafuta, alikusanya kwa miongo kadhaa barua na miswada ya Shelley, ya mkewe Mary, ya Byron na wenzao. Kuanzia 1961 wakfu wake ulianza kuichapisha kwa jina *Shelley and His Circle*, na mwaka 1986 mkusanyiko wote ukatolewa kwa maktaba ya umma ya jiji hilo, New York Public Library. Jina la familia hiyo liko pia kwenye ruzuku za utafiti zinazotolewa na Keats-Shelley Association of America. Jumuiya hiyo ina tuzo ya heshima kwa wasomi waliokwisha kujenga jina, na ni haki wapewe. Ruzuku za Pforzheimer, hata hivyo, ni kwa walio mwanzoni: wanafunzi wa uzamivu, walimu wasiothibitishwa kazini, na wasomi wa kujitegemea wasio na chuo nyuma yao. Si fedha nyingi. Hulipa nauli, malazi ya wiki kadhaa karibu na maktaba, na nakala za kurasa ambazo bado hakuna aliyezisoma hadi mwisho.